Shirika la msaada, chama chetu, au harakati za wengine: mtu mwenye ulemavu ajiunge wapi Tanga?

Mtoto wa kaka yangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka juzi, baada ya bodaboda yake kugongana na fuso njia ya Pongwe. Miezi ya mwanzo hakuna aliyemtafuta. Sasa kapona, anatembelea magongo, maneno anayo, sura anayo, na ghafla anatafutwa na watu wa namna tatu. Shirika moja la msaada linamtaka awe "balozi" wao. Katibu wa chama cha watu wenye ulemavu kamletea fomu na kumtajia ada. Na vijana wenzake wa kikundi cha kutetea fukwe na mikoko wanataka awe mjumbe wa kamati, "ili na nyie muwemo".

Alikuja kunikalia barazani kwangu Makorora, akala kashata zangu zote, ndipo akasema: "Shangazi, wewe kote umepita. Niende wapi?"

Kote nimepita kweli. Polio ilinipata nina miaka mitatu, na magongo ninayo tangu darasa la kwanza. Nimepokea msaada, nimekuwa mweka hazina wa chama miaka sita, na nimekaa kwenye kamati za watu wasio na ulemavu mpaka nikajua wanavyokunja uso ukiomba mkutano ushushwe chini. Nilimjibu kwa jioni mbili. Hapa naandika niliyomwambia, pamoja na yaliyonijia alipokwisha ondoka, maana najua si yeye peke yake anayetafutwa.

Kwanza hiyo "la"

Kiswahili chetu kitamu, ila hapa kinatufichia jambo. "Shirika la walemavu" maana yake nini hasa? Nyumba ya Mzee Omari ni ya Mzee Omari: hati anayo yeye, akitaka kuiuza anauza, akitaka kubomoa choo anabomoa. Nyumba ya kuku nayo ni "ya" kuku. Lakini kuku hana hati, hakuulizwa mlango uelekee wapi, na Idi ikikaribia haulizwi pia. Neno ni lilelile moja. Mashirika mengi yenye jina letu ubaoni ni nyumba ya kuku. Situkani mtu, kuku wengine wanalishwa vizuri kuliko mimi. Nasema tu mtu aangalie anaingia nyumba ya namna gani.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ililitolea jambo hili maelezo rasmi mwaka 2018, yale yanayoitwa Maoni ya Jumla Namba 7. Chama cha watu wenye ulemavu, wanasema, ni kile kinachoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, na ambacho wengi wa wanachama wake ni wao, bila ubishi. Vingine vyote, hata viwe na moyo wa dhahabu, ni vya kuwahudumia. Mkataba wenyewe ulipitishwa 2006, Tanzania ikauridhia 2009, na kifungu chake cha 4 kinaitaka serikali ishauriane na watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao. Ndiyo kusema halmashauri ikitaka maoni yetu kuhusu stendi au soko jipya, wa kuitwa ni chama. Shirika lililotupa magongo si mdomo wetu, hata kama magongo ni mazuri.

Halafu Kiswahili kina "la" nyingine, ile ya kukataa. Mimi nazipima nyumba zote tatu kwa hiyo. Ndani ya shirika hili, mtu mwenye ulemavu akisema "la", jambo linasimama? Au wanamsikiliza, wanamshukuru kwa mchango wake mzuri, na gari linaondoka?

Shirika la msaada

Nianze kwa kulipa haki yake. Magongo yangu ya kwanza ya chuma niliyapata kwa watawa, chama sikukijua hata kwa jina. Kiti mwendo, mguu wa bandia, fimbo nyeupe, mafuta ya kukinga jua kwa mwenye ualbino, vyote vina bei, na chama cha watu wanaochanga elfu moja moja hakivimudu. Mguu wa bandia wa kupimwa sawasawa utakupeleka Moshi, KCMC, penye chuo cha mafundi wa viungo bandia, au Dar es Salaam kwa CCBRT. Na si safari ya siku moja na basi: kigutu hukonda, mguu ukalegea, ukarudi ukarekebishwe. Nauli na malazi ya safari hizo mashirika hulipa, na mengine hulipa bila makelele yoyote. Atakayekwambia usiende huko kwa ajili ya heshima, mwulize hiyo heshima inapanda daladala?

Sasa nieleze siku moja. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa viwanja vya Tangamano, watu kama thelathini, kupokea viti mwendo na baiskeli za magurudumu matatu. Tuliambiwa saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tano na nusu, na jua la Tanga unalijua. Viti vimepangwa safu, vipya, vingali na nailoni zake. Mama mmoja wa Duga aliyekuwa pembeni yangu akaitwa, akabebwa, akakalishwa kwenye kiti chake, akapigiwa makofi. Mpiga picha akasema haikutoka vizuri, jua lilikuwa mgongoni kwa mgeni. Basi yule mama akanyanyuliwa, akarudishwa kwenye kiti cha plastiki, wakageuka wote upande wa pili, akapokea kiti chake upya na makofi upya. Alitabasamu mara zote mbili. Mimi nilikuwa nakitazama kidole gumba chake kinavyosugua nailoni ya mkono wa kiti, kinasugua, kinasugua, mpaka ikachanika.

Jioni kiti hakikuingia mlangoni. Chumba alichopanga mlango wake ni mwembamba, na kiti kimetengenezwa kwa nyumba za watu wengine. Uchochoroni matairi membamba yakazama mchangani. Wiki mbili baadaye mjukuu wake alikuwa anaanikia nguo juu yake. Hakuna aliyefanya ubaya pale. Ila kwenye meza vilipoagizwa vile viti hapakuwa na hata mtu mmoja anayekalia kiti, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema: subirini, tukapime milango kwanza.

Huu ubalozi sasa. Niliwahi kujiona kwenye kalenda ya ukutani, ofisini kwa mtu nisiyemjua, miezi ya Machi na Aprili. Mimi huyu, na magongo yangu. Chini wameandika maneno ambayo sikuyatoa mimi: "Nilikuwa nimekata tamaa." Nani alikata tamaa? Nina cherehani mbili na deni la kitambaa nilikuwa nalilipa bila kuchelewa! Picha niliiruhusu mwenyewe, nakiri, nilitia sahihi karatasi bila kusoma ukurasa wa pili. Lakini maneno yalikuwa yao, na waliyatengeneza yafanane na huruma wanayoiuza.

Wenzetu wa mbali walichoka na jambo hilohilo. London, 1992, watu wenye ulemavu walijaa nje ya studio za televisheni iliyokuwa inaendesha kipindi kirefu cha kuwachangia fedha. Walikataa kuliliwa mbele ya kamera. Kipindi hicho hakikufanyika tena baada ya mwaka ule. Na kabla yao, 1980, wataalamu wa utengemao, yaani kumsaidia mtu mwenye ulemavu ajimudu, kutoka duniani kote walikutana Winnipeg, Kanada, chini ya shirika lao la Rehabilitation International. Likaletwa pendekezo kwamba nusu ya wajumbe wa kila nchi wawe watu wenye ulemavu. Likakataliwa. Fikiria: mkutano mzima unawahusu watu hao, na nusu tu imekuwa nyingi mno. Waliokuwemo wakatoka wakakutana wenyewe, na mwaka uliofuata, 1981, wakaunda umoja wao Singapore, Disabled Peoples' International.

Siyo kwamba nyumba ya kuku haiwezi kubadilishwa hati. Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kule Washington, kilianza 1864 na kikaongozwa na wanaosikia kwa zaidi ya karne. Machi 1988 bodi ikamteua tena rais anayesikia. Wanafunzi wakafunga malango. Kwa wiki moja tu rais yule akajiuzulu, akapatikana rais wa kwanza kiziwi, I. King Jordan, na ikakubaliwa kwamba viziwi wawe wengi kwenye bodi. Naipenda hadithi hii kwa sababu hawakuomba chuo kingine. Walitaka kilekile, ila funguo zihame mfuko.

Kwa hiyo nilimwambia kijana asiukatae ubalozi papo hapo, awaulize kwanza. Bodi yenu ina watu wangapi wenye ulemavu, na wana kura? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ninyi mnao, na wanafanya kazi gani? (Mara nyingi ni mpokea simu. Simu siku hizi kila mtu anayo mfukoni, sijui anapokea ya nani.) Picha yangu nikisema iondolewe, itaondolewa kwa siku ngapi? Atazame na wanavyojibu. Anayejibu kwa hasira, jibu ameshalitoa.

Chama chetu

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana hapa ndipo nilipochekea na kulilia.

Vyama vyenyewe vinajulikana: Chama cha Viziwi, CHAVITA; cha wasioona, TLB; cha watu wenye ualbino; CHAWATA, ambako wengi ni wenye ulemavu wa viungo kama mimi; na juu yake SHIVYAWATA, shirikisho linaloviunganisha. Kuna na vikundi vidogo vya mtaani visivyo na kifupisho wala mhuri.

Nikupeleke mkutanoni. Ni Jumamosi, darasa la shule ya msingi, madawati mafupi, feni haizunguki. Mkalimani wa lugha ya alama ni mmoja na kachelewa. Mwenyekiti anataka tuanze, "tutawaeleza baadaye". Kiziwi mmoja kijana akaenda ukutani akaanza kuwasha na kuzima taa, kuwasha na kuzima, mpaka darasa zima likanyamaza na kumtazama. Hakuna aliyehitaji mkalimani kuelewa. Tukasubiri dakika arobaini.

Ajenda ya kwanza: je, msindikizaji wa mwanachama asiyeona alipwe nauli? Kibubu kina shilingi elfu themanini na nne, kila mtu anajua, nimeshasoma taarifa. Wa viungo wanasema msindikizaji si mwanachama. Wasioona wanasema magongo yenu nayo si wanachama lakini mmekuja nayo. Hapo palichekwa, kisha palizozwa saa mbili nzima. Ikapigwa kura: msindikizaji atalipwa nauli, soda hapati. Uamuzi wa ajabu. Ile ya soda naipinga mpaka leo. Lakini tulishindana sisi kwa sisi kwa fedha yetu, na nilipotia sahihi yangu kwenye ile hundi hakuna mfadhili aliyechungulia.

Angalia hata jina. Mashirika yanaona haya kutamka "kiziwi". Yanazungukazunguka, "mwenye changamoto ya usikivu". Viziwi wenyewe wamelibandika neno mbele ya chama chao na hawaombi radhi. "Bubu" ndilo wanalolikataa, na wanakueleza kwa nini: lugha wanayo. Mwenye ualbino atakukatalia "zeruzeru". Mimi ukiniita mlemavu sikasiriki, mwenzangu anakasirika, na kwenye chama tunabishana hilo pia. Mtu wa nje huja na neno moja alilopewa semina.

Faida nyingine ni milango. Sheria ile ya 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia huku chini mtaani na kijijini, na mtu huzijulia kupitia chama. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na waliokuwa tayari na katiba, akaunti na mihtasari ndio waliokuwa mbele ya foleni. Ukiwa peke yako nyumbani na kipaji chako, habari itakufikia fomu zimekwisha.

Na kuna ujuzi ambao haumo kwenye kijitabu chochote. Kijana wetu alikuwa ameshajiaminisha kwamba barabarani harudi tena. Bajaji breki yake ya mguu iko upande wa kulia, ndio mguu asio nao. Aliyemwambia kwamba fundi anaihamisha breki ikawa ya mkono ni mwanachama wa chama, mzee anayeendesha hivyo siku zote, akamwonyesha ile waya inapopita na akamwambia inakwaruza wapi mvua ikinyesha. Daktari hakumwambia. Shirika lilimpa ushauri nasaha, na ulimfaa, ila wa breki ulimfaa zaidi.

Basi ubaya wake. Kwanza, umaskini, na umaskini unaleta tamaa: mfadhili akitokea, chama kizima kinageuka mradi wake, ukiisha tunabaki na fulana. Pili, wakubwa wasiotoka. Nimeona mwenyekiti aliyekaa mpaka katiba ikasahaulika iko kwa nani. Tatu, na hili linanihusu, kwenye vyama vya mchanganyiko wenye magongo ndio tunaotawala. Tunasikia, tunaona, tunasema, tumesoma, basi tunajiona ndio walemavu wenyewe. Mwenye ulemavu wa akili husemewa na mama yake. Wakati mwingine lazima iwe hivyo, lakini nimeona kijana aliyekuwa na la kusema akikatizwa mara tatu na mzazi mwenye nia njema. Wanawake tunaandaliwa chai. Mwenzetu wa Mkinga au Handeni ndani hafiki, nauli inamla. Kwa hiyo hata nyumba ya Mzee Omari ina vyumba ambavyo Mzee hajawahi kuvifungua.

Ukitaka kujua chama kama kiko hai, usisikilize risala ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa. Omba muhtasari wa mkutano uliopita. Uliza uchaguzi ulikuwa lini, na watia sahihi benki ni nani na nani. Chama cha mfukoni utakijua kwa sababu katibu atakujibu yote kichwani.

Harakati za wengine

Ya wanawake, ya ardhi, ya mazingira, ya vijana. Hapa sina uzoefu mrefu, nitasema nilichokiona.

Niliwahi kualikwa kwenye kamati ya haki za wanawake. Mkutano ghorofa ya pili, ngazi za zege, lifti hakuna. Vijana wawili wakajitolea wanibebe. Ukiwa na miaka kumi na minane unaweza kucheka; nikiwa mama mtu mzima, na gauni langu, mikono ya wavulana makwapani, watu wanapisha ngazini! Mara ya pili nilikataa, nikasema nitangoja chini. Mwenyekiti, dada mwema kabisa, akaniambia: "Usijali mama, tutakuletea muhtasari." Wakapanda kujadili ushiriki wa wanawake wote. Nikakaa na mlinzi, tukala embe.

Mara ya tatu walishuka. Kilichowashusha ni mwenzangu, binti asiyeona, ambaye ngazi anaziweza vizuri tu. Alipofika akaambiwa mimi niko chini, akasema naye hapandi. Mtu mmoja akigoma ni mkaidi, wawili ni ajenda. Mkutano ukahamia varandani na haujapanda tena.

Ndiyo maana nawaambia watu wasiende huko peke yao. Ukiwa mmoja watakufanya kila ulemavu: watakuuliza viziwi wanataka nini na wewe unasikia, utajibu, na hapo umeshakuwa kuku anayewasemea mbuzi. Hata bungeni mambo yalianza kwa mmoja mmoja. Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa mbunge 2008, wakati watu wenye ualbino wanauawa. 2010 Salum Barwany, naye mwenye ualbino, akachaguliwa kwa kura Lindi Mjini. Wa kuteuliwa na wa kuchaguliwa wote walifanya kazi, lakini wa pili alikuwa na watu waliompa kura na wanaoweza kumnyima. Waganda wamekwenda mbele zaidi, bunge lao lina viti vitano vya watu wenye ulemavu, na si hisani ya mtu mmoja.

Uzuri wa harakati za wengine ni nguvu za watu. San Francisco, 1977, watu wenye ulemavu waliikalia ofisi ya serikali kwa wiki zaidi ya tatu wakidai kanuni za sheria ya kuzuia ubaguzi zitiwe sahihi. Chakula cha moto kiliingizwa na Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani weusi, ambao walikuwa na vita vyao wenyewe. Kanuni zikasainiwa. Lakini wale Black Panther walikuja kwenye mgomo wa walemavu, ulioongozwa na walemavu. Hawakuchukua kipaza sauti.

Na mikoko ina haja na sisi, sikatai. Bahari ikila ufukwe, anayehamishwa mwisho ni asiyeweza kukimbia. Ila kijana aliniambia shughuli yao ya kwanza waliyomwalika ilikuwa kupanda miche kwenye tope. Magongo kwenye tope la mikoko! Alisimama kwenye mchanga mgumu akapigwa picha ameshika mche.

Tukiziweka pamoja

Kwa kifaa na matibabu, shirika linashinda, wala usibishane. Kwa haraka pia: shirika barua wiki moja, chama miezi, harakati inategemea nani ana bando.

Kwa fedha mfukoni mwako mambo ni kinyume cha yanavyoonekana. Shirika litakupa posho, na siku mradi ukiisha posho inaisha na wewe hujui kuandika andiko la mradi kwa sababu aliandika mwingine. Chama kitakudai ada. Lakini mkopo, kikundi, mteja wa kwanza wa bajaji, vyote hutoka chamani.

Kwa sauti: kwenye shirika unasemeshwa, kwenye harakati unasemea wote, kwenye chama unasema na unapingwa. Kupingwa ni kitu kikubwa. Watu wasiokuheshimu hawakupingi, wanakutikisia kichwa tu.

Kwa muda: chama kitakumaliza. Saa mbili nzima kwa nauli ya msindikizaji. Mwenye watoto wadogo au maumivu ya kila siku afikirie mara mbili kabla ya kukubali uongozi. Aingie kama mwanachama, alipe ada, apige kura, arudi nyumbani alale.

Kwa mpya wa ulemavu kama huyu wetu, kuna jambo jingine. Yeye bado anajihesabu kuwa mzima aliyepungukiwa mguu. Shirika litamfundisha kuwa mfano wa kuigwa. Marafiki wa mikoko watamwambia hajabadilika, na ni uongo wa mapenzi. Kwenye chama atakuta watu hamsini ambao hawamwonei huruma wala hawamshangai. Wa kwanza atamwuliza magongo kayanunua wapi, kwa sababu raba zake za chini ni mbaya, zitamwangusha kwenye vigae.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: chama kwanza, angalau mwaka. Shirika achukue mguu, asichukue kalenda, mpaka wamjibu maswali. Mikoko aende, ila amchukue yule kijana kiziwi wa kuwasha taa, na mkalimani alipiwe na wao. Mwenye hali nyingine atapanga vingine. Ningekuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili leo, ningeanza na shirika lenye shule nzuri hata kama bodi yao yote ni watu wa suti, huku nikiwapigia kelele kila mkutano wa wazazi. Na anayeishi pasipo na tawi hai la chama, akusanye wenzake watatu wanne kwanza. Ubao na mhuri vitakuja.

Juzi kapita tena. Shirika limemjibu kuhusu bodi: hakuna hata mmoja, "lakini tunalifanyia kazi". Kuhusu picha bado wanashauriana. Wa mikoko wamekubali mkalimani, wamegoma kuhama kwenye tope. Raba za magongo amebadilisha. Fomu ya chama ameijaza kwa herufi nzuri, jina, mtaa, aina ya ulemavu, kila kitu, akaikunja akaiweka mfuko wa shati, akakohoa.

Ada, kumbe, alikuwa amekuja kuniomba mimi.